Mzigo na Mbebaji

Mzazi mmoja wa hapa Sumbawanga ametuuliza kama kompyuta ya nyumbani yaweza kuendesha modeli ya lugha ya akili mnemba pasipo intaneti. Yaweza, lakini sharti kwanza ajue RAM ya kompyuta yake ni gigabaiti ngapi, wala asiichanganye na nafasi ya diski.

Sisi tulichanganya. Kompyuta ya madrasa ina RAM ya gigabaiti 8. Diski yake ni kubwa, nasi tukaitazama diski tukafurahi. Kwa michango ya wazazi, watu wa jembe, tukanunua kifurushi na kupakua faili la gigabaiti 14. Lilipofunguliwa, kompyuta iliganda hata tukaizima. Ilitubidi tuwaombe wazazi radhi.

Hesabu yenyewe ni hii. UlizaLlama, modeli ya Kiswahili iliyotolewa na Jacaranda Health ya Kenya mwaka 2023, ina vigezo bilioni 7. Kila kigezo kikichukua baiti 2, jumla yapata gigabaiti 14. Ikibanwa hata nusu baiti kwa kigezo, hubaki kama gigabaiti 4. Kompyuta yetu huibeba, ingawa polepole, na usahihi hupungua kidogo.

Mwenye RAM ya gigabaiti 4 aweza kujaribu Llama 3.2 ya mwaka 2024, ile ya vigezo bilioni 1. Ila katika lugha 8 walizozitaja watengenezaji wake, Kiswahili hakimo.

Mzazi huyo na atuletee kompyuta yake Jumamosi baada ya Alasiri. Faili lililobanwa tunalo katika flashi, asinunue kifurushi.