Kofia iliyofichwa chini ya rangi

Jamani, leo nina picha moja tu. Mwaka 1788 mchoraji Mfaransa Jacques-Louis David alimchora mkemia Antoine Lavoisier na mkewe Marie-Anne. Chupa za kioo na vyombo vya maabara vinameremeta. Ukiitazama utasema hawa ni watu wa sayansi tu.

Lakini mwaka 2021 jumba la makumbusho la Metropolitan, New York, linakotunzwa picha hiyo, lilieleza kilicho chini ya rangi. Mwanzoni bibie alivaa kofia kubwa ya kifahari, na vile vyombo havikuwapo! Lavoisier alikuwa pia mkusanya kodi ya mfalme. Kodi hiyo iligharamia maabara yake, na ndiyo iliyosababisha akatwe kichwa mwaka 1794.

Sisi waandishi tunamjua mheshimiwa anayeshika jembe kamera ikifika. Sisemi sayansi yao ilikuwa ya uongo. Marie-Anne mwenyewe alichora vyombo vilivyomo katika kitabu cha mumewe cha 1789. Ila ukionyeshwa vifaa vya kazi, uliza pia fedha zilitoka wapi. Au nakosea, wadau?