Ukumbi wa Mtaa Usiwe Kiporo cha Ramani

Mtaa si nyumba peke yake. Mtu akipewa chumba chenye mlango, dirisha na bomba la maji, amepata pa kulala, lakini bado hajapata jirani. Jirani hupatikana pale watu wanapokutana. Huko mashambani watu hukutana chini ya mti, kisimani, sokoni na uani kwa mzee. Mjini mambo hayo hayapo, kwa hiyo yeyote ajengaye mtaa hana budi kujenga pia mahali pa kukutania.

Nairobi ina mfano mwema. Mtaa wa Kaloleni ulijengwa na Halmashauri ya Manispaa katika miaka ya 1940, na katika ramani yake ukumbi uliwekwa katikati ya nyumba, wala haukusukumwa pembeni. Tarehe 23 Aprili 1950, katika ukumbi huo huo, ulifanyika mkutano wa pamoja wa chama cha Kenya African Union na East African Indian National Congress, na hapo Makhan Singh akatoa hoja ya kudai uhuru kamili wa nchi za Afrika Mashariki. Waliojenga ukumbi hawakuujenga kwa kazi hiyo. Lakini mahali palipojengwa vema, watu hupapatia kazi zao wenyewe.

Tangu Sheria ya Nyumba za Bei Nafuu ilipopitishwa mwaka 2024, maghorofa yanajengwa katika miji mingi ya Kenya. Ardhi ya mjini ni ghali, na mwenye kupiga hesabu huona upesi kwamba nyumba yalipiwa kila mwezi, bali ukumbi haulipiwi. Hapo ndipo hatari ilipo. Nyumba hupangwa kwanza, kisha ukumbi hutafutiwa kipande kilichobaki, nyuma ya tangi la maji au kando ya jalala. Ukumbi wa namna hiyo hufunguliwa siku moja kwa sherehe, kisha hufungwa kwa kufuli.

Basi mchoraji wa ramani afanyeje? Kabla ya kuchora kuta, na azihesabu saa za siku. Asubuhi watoto wadogo wanahitaji chumba cha kuchezea na kufundishwa. Alasiri akina mama wana mkutano wa chama chao cha akiba. Jioni mwanafunzi ambaye nyumbani kwao hakuna meza anahitaji taa na kimya, na vijana wanahitaji mazoezi ya ngoma au michezo ya kuigiza. Jumamosi pana harusi. Chumba kimoja kikubwa hakiwezi kuyabeba hayo yote, maana ngoma na kitabu havikai pamoja. Yafaa pawe na ukumbi mkubwa mmoja na vyumba vidogo kadhaa, kila kimoja kikiwa na mlango wake wa nje, na chumba cha kusomea kiwe mbali na jukwaa.

Mambo mengine ni madogo lakini yana uzito. Katika nchi iliyo karibu na ikweta kama Kenya, ubavu mrefu wa jengo uelekee kaskazini na kusini, ili jua la asubuhi na la jioni lisiwachome watu usoni. Madirisha yaelekeane, ili upepo upite. Chini ya mabati pawekwe dari, la sivyo mvua ikinyesha hakuna atakayesikia hotuba. Milango mikubwa ifunguke kwa nje, ili moto ukitokea watu wasibanane. Penye ngazi pawe na mteremko pia, kwa ajili ya wazee na walemavu. Na mbele pawe na baraza pana, kwa maana mtu anayeona haya kuingia ndani huanzia barazani.

Jengo likiisha, bado kazi haijaisha. Kamati ya wakazi iliyochaguliwa na wakazi wenyewe ishike ufunguo, itoze ada ndogo kwa harusi, na fedha hizo zitengeneze vioo na choo. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Faida ya ukumbi haionekani katika daftari la kodi. Huonekana usiku wa msiba. Karani amefiwa, na maiti yapasa kusafirishwa mpaka kijijini kwao. Majirani wanahitaji kukutana, kuchanga fedha na kugawana kazi. Katika mtaa usio na ukumbi, watu hao husongamana katika chumba kimoja na ngazini, na wengi hurudi makwao bila kujulikana. Katika mtaa wenye ukumbi, taa huwashwa, viti hupangwa, na aliyefiwa huona kwa macho yake kwamba hakai mjini peke yake.