Stempu imebaki, barua iko wapi?



Nina kopo la biskuti ambalo limehama nami nyumba nne. Ndani yake zimo stempu nilizokusanya nikiwa mvulana hapa Mwanza, enzi ambazo barua za mtaa wetu zilikuja kwa S.L.P. ya kanisa na mwinjilisti akasoma majina baada ya ibada. Desemba kwangu ilikuwa msimu wa mavuno. Kadi za Krismasi zikifika, niliomba bahasha, nikazilowesha kwenye bakuli la maji, nikabandua stempu na kuzikausha juu ya gazeti. Bahasha nilizitupa.

Mwaka jana mjukuu wangu alilifungua kopo lile. Akashika stempu moja, akaniuliza, “Babu, hii ilitoka kwa nani?” Sikuwa na jibu. Huenda ilitoka kwa shangazi yangu wa Ukerewe, ambaye hakukosa kutuandikia kila Krismasi mpaka alipofariki. Leo sina hata mstari mmoja wa mwandiko wake. Nilihifadhi karatasi ndogo ya serikali, nikatupa mkono wa shangazi.

Nimelikumbuka kopo hilo kwa sababu ya stempu za aina nyingine, ambazo sisi hatuna. Kule Uingereza, sheria ilipobadilishwa mwaka 1981, vyama vya hisani viliruhusiwa kubeba kadi za Krismasi kati ya Novemba 25 na Januari 1. Wanaofanya kazi hiyo zaidi ni skauti. Watu wa mji hutumbukiza kadi zao kwenye masanduku yaliyowekwa madukani na makanisani. Vijana huzipanga mezani, mtaa kwa mtaa, kisha watoto na wazazi wao huvaa makoti ya baridi na kuzipeleka mlango kwa mlango. Huduma ni ya mji huo na majirani zake tu. Kila eneo huweza kuchapa stempu yake ndogo, kwa bei iliyo chini ya posta ya kawaida, na kinachopatikana huendesha kundi la skauti au husaidia wahitaji.

Stempu hizo zina watu wanaozikusanya kwa bidii. Na wakusanyaji wengi wa stempu za namna hii wana kanuni ambayo ningeijua utotoni nisingeharibu mali: stempu iliyobaki kwenye bahasha yake, yenye mhuri juu na anwani pembeni, ni ushahidi kwamba kadi ilisafiri kweli. Ile safi ambayo haijawahi kubandikwa inapendeza albamuni, lakini haiwezi kusimulia safari yoyote.

Ziwa letu nalo lina kumbukumbu ya jambo hili. Mwaka 1895, huduma ya barua ilipoanzishwa Uganda, hapakuwa na mtambo wa kuchapa stempu. Mmisionari wa Kianglikana, Ernest Millar, alizipiga kwa taipureta yake kule Mengo, na bei akaiandika kwa makombe ya kauri, yale yaliyokuwa fedha ya sokoni. Leo wakusanyaji wa dunia nzima wanazitafuta kwa fedha nyingi. Lakini Millar hakuketi kwenye taipureta ili kutengeneza hazina. Kulikuwa na watu waliotengana, na barua ilipaswa kufika.

Kosa langu la utotoni nimelirudia uzeeni, safari hii kwa simu. Krismasi iliyopita nilipokea picha ya mshumaa na hori la kulia ng'ombe, nikaibonyeza kwenda kwa kila jina lililomo kwenye simu yangu. Dakika chache nikawa nimemaliza “kuwasalimu” watu zaidi ya mia mbili. Nilijisikia nimefanya kazi ya Bwana. Jioni mama mmoja tuliyesali naye miaka mingi, kabla hajahamia Buhongwa, akanijibu: “Asante baba. Mzee alitangulia mwezi wa kumi na moja.” Picha yangu ilikuwa imewatakia yeye na mumewe furaha ya nyumba yao.

Sikulaumu simu. Simu ingeniambia habari za msiba kama ningempigia. Nilichokosa ni kitendo cha kuandika jina lake, kwa sababu mkono unapoandika jina, moyo hulazimika kuuliza, “Huyu yuko wapi sasa? Anaendeleaje?”

Tukisoma nyaraka za Paulo tunatazama mafundisho, tunawasahau wabebaji. Waraka kwa Wakolosai ulikwenda na Tikiko. Epafrodito alibeba zawadi ya Wafilipi kwenda kwa Paulo aliyekuwa kifungoni, akaugua hadi karibu na kufa, na Paulo akaagiza watu wa namna hiyo waheshimiwe. Tena aliwaandikia Wakorintho kwamba wao wenyewe ni barua. Barua haikuumbwa ikae kwenye droo. Na Krismasi yenyewe ni nini, kama si Mungu kukataa kutuma salamu za mbali, akaja mwenyewe mpaka mlangoni?

Ndiyo maana nina pendekezo kwa makanisa ya Mwanza na visiwa vyake. Majilio haya, tuweke sanduku moja mlangoni mwa kanisa. Kila muumini aandike kadi moja kwa mkono, hata kwenye karatasi ya daftari, kwa mtu ambaye hajaonekana ibadani mwaka huu: mgonjwa, mjane, kijana aliyekwazika akaondoka, mzee ambaye magoti yamekataa kushuka ngazi za mawe za Igogo au Mabatini. Watoto wa Sunday school wachore stempu yetu wenyewe. Atakayeweza atoe sadaka kwa stempu hiyo, na sadaka yote iende kwa mgonjwa asiyemaliza bili yake hospitali. Asiyekuwa na kitu abandikiwe bure. Kisha vijana na jumuiya wagawane mitaa, wabebe, wabishe hodi, waketi, waombe pamoja na mwenye nyumba.

Kuna atakayesema kazi ya barua ni ya posta. Ni kweli, na kubeba barua kwa biashara kunahitaji leseni ya TCRA. Sisi hatutafungua kampuni. Tutakuwa majirani waliobeba salamu za majirani, bila nauli. Mwingine atasema ujumbe wa simu ni rahisi zaidi. Nakubali, kwa ndugu aliye Dar es Salaam au Bukoba tumia simu, tena piga umsikie sauti. Lakini kwa yule aliye dakika ishirini kutoka kanisani, wepesi huo ndio uliotufanya tusijue kwamba amefiwa.

Stempu moja ya kila mwaka tuibandike kwenye kitabu cha kanisa, na pembeni tuandike majina ya waliopelekewa kadi. Miaka thelathini ijayo mtoto akiuliza, “Hii ilikwenda kwa nani?”, kanisa liwe na jibu.

Mimi kadi yangu ya kwanza nimeshaiandika. Inakwenda Buhongwa, na nitaipeleka mwenyewe. Nimechelewa mwaka mzima kumpa mama yule pole, lakini mlango wake naujua.