Mchezaji aliyeumia asitupwe

Ndugu Mhariri,

Kuna jambo ambalo limenikera kwa muda mrefu. Jambo lenyewe ni tabia ya baadhi ya viongozi wa vilabu vya kandanda kuwatupa wachezaji mara tu wanapoumia.

Wapenzi wa kandanda wakiizungumzia Poland ya zamani, wengi humtaja Grzegorz Lato, aliyefunga mabao 7 katika fainali za Kombe la Dunia za mwaka 1974 na kuisaidia nchi yake kushika nafasi ya tatu. Lato anastahili sifa hizo. Lakini yuko mwenzake ambaye fainali zile zilimpita akiwa majeruhi, naye ni Włodzimierz Lubański.

Lubański alianza kuichezea timu ya taifa mwaka 1963 akiwa na umri wa miaka 16 tu. Siku hiyo Poland iliichapa Norway mabao 9-0, naye akapachika moja. Klabu yake ilikuwa Górnik ya Zabrze, mji wa wachimbaji wa makaa ya mawe. Kuanzia mwaka 1966 hadi 1969 aliongoza kwa mabao katika ligi ya kwao mara nne mfululizo. Mwaka 1972 alikuwa nahodha wa timu iliyonyakua medali ya dhahabu ya Olimpiki mjini Munich.

Tarehe 6 Juni 1973, mjini Chorzów, Poland ilipambana na Uingereza kuwania nafasi ya kwenda fainali hizo. Mara baada ya mapumziko Lubański alimpokonya mpira Bobby Moore, akafunga bao la pili. Dakika chache baadaye aliumia goti vibaya, akatolewa nje. Poland ilishinda 2-0 na baadaye ikafuzu, lakini aliyeifungulia njia alibaki akiuguza goti.

Je, alikuwa amekwisha? Hata kidogo. Mwaka 1975 klabu ya Lokeren ya Ubelgiji ilimchukua, akaichezea hadi mwaka 1982. Timu ya taifa nayo ilimrudisha, na mwaka 1978 akacheza fainali za Kombe la Dunia nchini Argentina. Mabao yake 48 yalibaki kuwa rekodi ya Poland hadi mwaka 2017, alipopitwa na Robert Lewandowski.

Ndugu Mhariri, mimi nami nilikuwa mshambuliaji, katika klabu ambayo sitaitaja. Jumapili moja mashabiki walinibeba mabegani. Jumapili iliyofuata niliumia goti. Kiongozi wa klabu alikuja kuniona hospitali mara moja tu, na alichofuata ni jezi na viatu vya klabu. Goti lilipopata nafuu hakuna aliyeniita hata kunijaribu. Sisemi kwamba ningefika alikofika Lubański, lakini asante ya punda ni mateke.

Najua wapo watakaosema kwamba vilabu havina fedha. Mbona fedha za kusajili wachezaji wapya kila msimu hupatikana? Nashauri kila klabu itenge sehemu ya viingilio kwa ajili ya matibabu ya wachezaji wake. Pia jina la majeruhi lisifutwe mpaka daktari, siyo katibu wa klabu, atakaposema kwamba hawezi kucheza tena. Na asiyeweza kurudi uwanjani apewe vijana awafundishe, maana miguu huchoka lakini ujuzi unabaki.

Viongozi wasingoje hadi majeruhi aitwe marehemu ndipo wamsifu kwa machozi. Wamsaidie leo angali hai.

Mchezaji wa Zamani,
Tanga.