Usingizi wa Mgonjwa na Muziki wa Jirani

Mji wa Singida umekaa njia panda. Barabara itokayo Dodoma kwenda Mwanza hukutana hapo na ile itokayo Arusha kupitia Babati, na kwa sababu hiyo biashara ya kulaza na kuburudisha wasafiri imekua pamoja na mji wenyewe. Nyumba za wageni, baa na grosari zimejengwa katikati ya makazi, mara nyingine ukuta ukitazamana na dirisha la mtu anayeishi na watoto wake. Baada ya mavuno ya alizeti na mtama huja msimu wa harusi, na maturubai hufungwa hata katika vijiji vya Ikungi, Mkalama na Iramba. Yote hayo ni riziki na furaha ya watu, wala hakuna mwenye busara anayetaka yakome. Lakini ipo saa ya usiku ambapo furaha ya nyumba moja hugeuka kuwa maradhi ya nyumba ya pili, na saa hiyo haijapewa nafasi yake katika mazungumzo ya mtoa huduma na mgonjwa.

Apigiwe mfano bibi wa miaka sitini na kitu anayehudhuria kliniki ya shinikizo la juu la damu. Mwezi wa kwanza kipimo chake kiko juu, anaongezewa dozi. Mwezi wa pili bado kiko juu, anaongezewa dawa nyingine. Anaulizwa kuhusu chumvi, kuhusu mafuta, na kama anameza dawa kila siku, naye anajibu kwa ukweli. Haulizwi kama analala. Angeulizwa, angeeleza kwamba nyuma ya chumba chake ipo spika inayopigwa Ijumaa, Jumamosi na Jumapili hadi saa tisa usiku, na kwamba hata akifunga dirisha mdundo humfikia kifuani. Hasemi, kwa sababu hajui kwamba hilo ni jambo la kumwambia daktari. Kwake ni jambo la majirani.

Hapo ndipo penye kosa la kurekebishwa. Kelele za usiku zimeachwa zihesabiwe kuwa ugomvi wa mtu na mwenzake, ilhali ni suala la afya kama yalivyo maji machafu na moshi wa jikoni. Na maadamu ni suala la afya, mzigo wa kulisema haupaswi kubaki mabegani mwa mgonjwa peke yake.

Msingi wa hoja hii uko ndani ya mwili wa binadamu. Macho hufungwa usiku, lakini masikio hayafungwi. Sauti kubwa inapomfikia mtu aliyelala, ubongo huipokea kama dalili ya hatari hata kama mwenyewe haamki wala hakumbuki chochote asubuhi. Homoni za tahadhari humwagwa, mapigo ya moyo huongezeka, mishipa ya damu hubana. Kwa mtu mwenye afya, shinikizo la damu hushuka usiku kwa takribani asilimia 10 hadi 20, na mteremko huo ndio mapumziko ya moyo na mishipa. Usingizi ukikatwakatwa, moyo hunyimwa mapumziko hayo.

Mwaka 2008 ulichapishwa utafiti uliofanywa Ulaya kwa watu 140 waliokuwa wakiishi karibu na viwanja vya ndege vya Athens, Milan, Stockholm na London. Shinikizo lao la damu lilipimwa usiku kucha wakiwa vitandani mwao. Ilibainika kwamba kelele inapoingia chumbani, namba ya juu ya shinikizo hupanda kwa wastani wa milimita 6 hivi za zebaki, hata pale aliyelala asipozinduka. Ndege si muziki, na Heathrow si Singida. Hata hivyo mwili unaopokea kelele hizo ni uleule, na ongezeko la milimita 6 si dogo kwa mtu ambaye dawa yake inapigania kushusha milimita 10.

Shinikizo la damu si ugonjwa pekee unaoguswa. Kukosa usingizi ni miongoni mwa vichocheo vinavyojulikana sana vya degedege kwa mwenye kifafa. Kwa mwenye ugonjwa wa akili wa hisia kupanda na kushuka, usiku mmoja au miwili bila kulala unaweza kufungua mlango wa kuugua upya. Usingizi haba hupunguza uwezo wa mwili kuitumia insulini, jambo linalomhusu mwenye kisukari. Mama aliyejifungua juzi, ambaye tayari usingizi wake unakatwa na mtoto, hana akiba ya kukatwa tena na spika. Muuguzi aliyetoka zamu ya usiku naye ni mgonjwa mtarajiwa ikiwa mchana wake mzima ni tangazo la duka lenye kipaza sauti.

Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 1999, lilipendekeza kwamba kelele ndani ya chumba cha kulala zisizidi wastani wa desibeli 30 usiku, na kiwango hicho hicho kwa wodi za hospitali. Mazungumzo ya kawaida ya watu wawili hufikia desibeli 60 hivi, na ndani ya ukumbi wa muziki vipimo huweza kukaribia 100. Desibeli hazihesabiwi kama kilo za unga: kila desibeli 10 zinapoongezeka, nguvu ya sauti huzidi mara kumi, na sikio huihisi kuwa imekua takribani mara mbili.

Makazi nayo yana la kusema. Nyumba nyingi za mkoa huu zina paa la bati, uwazi kati ya ukuta na paa, na madirisha yenye wavu yanayoachwa wazi kwa ajili ya hewa. Nyumba ya namna hiyo humkinga mtu na mvua, lakini haimkingi na sauti. Mdundo mzito wa besi hupita hata kwenye tofali. Tena usiku, ardhi inapopoa na hewa ya baridi kutulia chini, sauti hupinda kurudi ardhini badala ya kupotea juu, ndiyo maana muziki usiosikika mchana husikika usiku kana kwamba uko uani. Upepo, ambao Singida inao wa kutosha, huibeba zaidi kuelekea unakovuma. Kwa hiyo mwenye spika anaposema kwamba hajapandisha sauti, huenda anasema kweli na mlalamikaji pia anasema kweli.

Swali linabaki: mbona wenye kuumia hawasemi? Wengi hudhani ni woga, au ni mazoea. Jibu la karibu zaidi ni kwamba jirani ana thamani. Mama akishikwa na uchungu saa nane usiku, anayegongewa mlango ni jirani mwenye bajaji. Mtoto akipandwa na homa, anayekopesha nauli ni jirani mwenye grosari. Kwenye msiba, turubai na sufuria hutoka kwake. Mgonjwa anapopima kati ya usingizi wake na ujirani, huchagua ujirani, na hesabu hiyo si ya kijinga. Akithubutu kusema, huambiwa ana wivu na maendeleo ya mwenzake, au hapendi vijana wajipatie riziki. Kumwambia mtu huyo aende akalalamike ni kumwagiza avunje daraja ambalo kesho atalihitaji avuke.

Ndiyo maana sheria haikukusudia mgonjwa apigane peke yake. Katiba ya mwaka 1977, katika Ibara ya 30, inaeleza kuwa haki na uhuru wa mtu mmoja havitatumika kuharibu haki na uhuru wa wengine. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inampa kila mtu aliyeko Tanzania haki ya kuishi katika mazingira safi, salama na yenye afya, na chini yake zimetungwa kanuni za mwaka 2015 zinazoweka viwango vya kelele na mitetemo. Sheria ya Vileo ya mwaka 1968 inaweka mipaka ya saa za kuuza pombe. Mwezi Mei 2023, Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira lilifungia makumi ya baa na kumbi za starehe nchini kwa kosa la kupiga kelele kupita kiwango. Hatua hiyo ilionesha kwamba sheria ina meno. Ilionesha pia udhaifu wa kungoja meno: baa hufungwa, hufunguliwa, na aliyepeleka taarifa hubaki akiishi ukuta wa pili.

Njia iliyo bora huanzia chini, na mhudumu wa afya ana nafasi yake katika kila hatua. Hatua ya kwanza ni swali. Baada ya "Shikamoo bibi", na kabla ya kuandika dawa ya pili, mhudumu aulize: unalala saa ngapi, unaamka saa ngapi, na nini hukuamsha? Jibu liandikwe kwenye faili kama vile chumvi na sigara vinavyoandikwa. Kipimo kilicho juu asubuhi baada ya usiku wa kelele kirudiwe siku nyingine kabla ya kuhukumu kwamba dawa imeshindwa. Jambo moja lisisitizwe hapa bila kigugumizi: mgonjwa asiache wala kupunguza dawa zake kwa kudhani kuwa tatizo ni kelele tu. Dawa na usingizi vinasaidiana. Kimoja hakichukui nafasi ya kingine.

Hatua ya pili ni mazungumzo, na wakati wa kuyafanya ni mchana. Mtu hasemezwi jambo zito mbele ya wageni wake, muziki ukiwa umepanda na kinywaji kimeshaingia kichwani. Asubuhi ya siku ya kazi, mzee anayeheshimiwa au ndugu wa mgonjwa aende kwa salamu, aeleze kuwa nyumbani yupo mgonjwa, na aombe kitu kinachotekelezeka: spika igeuzwe itazame ndani, iondolewe ukutani na kuwekewa kitu laini chini yake, besi ipunguzwe, na muziki wa nje ukome saa iliyokubaliwa. Kupunguza desibeli 10 hakuwafukuzi wateja. Walio ndani wataendelea kusikia na hata kuongea vizuri zaidi, na aliye nyuma ya ukuta atapata unafuu wa kweli.

Hatua ya tatu ni uongozi. Mwenyekiti wa mtaa au wa kitongoji, mtendaji, na afisa afya wa kata wanaweza kuzungumza na mwenye biashara bila kutaja jina la aliyelalamika. Hapa ndipo neno la mhudumu wa afya lina uzito kuliko la mgonjwa. Mganga mfawidhi wa zahanati akieleza kwenye kikao cha kata kwamba wagonjwa wa eneo fulani hawalali, akiwa ametunza siri ya kila mmoja wao, lalamiko la mtu hugeuka kuwa taarifa ya afya ya jamii. Ikishindikana, ndipo afisa mazingira wa halmashauri na ofisi ya Kanda ya Kati ya Baraza hilo, iliyoko Dodoma, waitwe na kipimo chao. Afisa utamaduni anayetoa vibali vya sherehe naye angefaa kuuliza, kabla ya kugonga mhuri, kama hapo jirani pana zahanati au wodi.

Wapo watakaosema kwamba huku ni kuwaonea wenye baa, ilhali kelele hutoka pia katika nyumba za ibada, mashine za kukamua alizeti, harusi na misiba. Hoja hiyo ni ya haki, na jibu lake ni kwamba sikio la mgonjwa halibagui. Kipimo kiwe kimoja kwa wote. Wapo pia watakaosema kwamba muziki ni tiba ya moyo. Ni kweli kwa aliyeuchagua. Dawa nayo ni tiba, lakini hakuna mwenye haki ya kumlazimisha jirani anywe dozi yake.

Kabla ya kunyoosha kidole nje, sekta ya afya ina deni la nyumbani. Florence Nightingale, katika kitabu chake cha uuguzi cha mwaka 1859, alitenga sura nzima kwa ajili ya kelele zinazomzunguka mgonjwa. Tangu wakati huo imepita zaidi ya karne moja na nusu, na bado zipo wodi ambamo televisheni hunguruma hadi usiku wa manane, simu za watumishi huita juu ya vitanda, na vicheko vya zamu husikika hadi chumba cha waliofanyiwa upasuaji. Kituo kinachotaka mtaa upunguze sauti kianze kwa kupunguza yake.

Kwa mgonjwa anayesoma makala haya, neno ni fupi: kukosa usingizi kwa sababu ya muziki wa jirani si aibu, si wivu, wala si uchokozi. Ni dalili ya kutajwa kliniki. Kwa mhudumu, neno ni fupi zaidi: aulize. Bibi wa mfano ule, siku akiulizwa na akasikilizwa, hatahitaji kuchagua kati ya jirani yake na moyo wake. Mwingine atakuwa amelibeba neno lake hadi mlango wa pili, mchana, kwa salamu, na usiku utakaofuata huenda dawa zake zikapata nafasi ya kufanya kazi.