Nuru ya Maabara na Haki ya Mgonjwa wa Fizi

Katika elimu ya tiba ziko hila nyingi za kumfichua adui aliyejificha mwilini, walakini ni chache zifananazo kwa uzuri na ile aliyoianza Albert Coons huko Marekani mwaka 1941, alipoitwaa kingamwili, ambayo kwa tabia yake hushika kitu kimoja na kuviacha vingine vyote, akaifungia rangi yenye kung'aa, hata kila ilipogandama ikaonekana katika hadubini mithili ya taa za wavuvi wa ndagala usiku wa giza.

Katika tarikhi ya nuru hiyo watoto wa Afrika wana fungu lao. Mwaka 1958 tabibu Denis Burkitt wa Mulago, Kampala, aliandika habari za saratani ya taya iwashikayo watoto wa nchi za joto na malaria. Vipande vya uvimbe huo vikasafirishwa kwa ndege hadi London, ambako Anthony Epstein na wenziwe, mwaka 1964, walitangaza kirusi kipya walichokiona ndani yake. Na mwaka 1966 Werner na Gertrude Henle, huko Philadelphia, wakakidhihirisha katika chembe za uvimbe huo kwa kingamwili zing'aazo.

Basi, ikiwa kipande cha uvimbe wa mtoto kiliweza kuvuka bahari zama zile kwa manufaa ya elimu, ni udhuru gani uzuiao kipande cha uvimbe wa mama wa Fizi, katika Kivu ya Kusini ya Kongo, kufika maabara ya Bukavu leo kwa manufaa yake mwenyewe? Naam, vita havijaisha, na njia ya kupitia Uvira huharibika kwa mvua. Lakini kipande kilichotiwa katika formalini hakihitaji barafu, wala Baraka, mji wa Fizi, haihitaji kwanza hadubini ya thamani, ambayo kingamwili zake zataka baridi na umeme usiokatika. Yahitaji chupa, mganga aliyefundishwa kukata na kuandika, na mjumbe wa siku maalumu, kwani kipande kikikawia majuma mengi ndani ya dawa, alama zinazotafutwa hufifia.

Na faida yake si ndogo. Kwa kingamwili zenye alama hujulikana kama saratani ya titi itasikia dawa za homoni au la; na uvimbe wa Burkitt, ukuao kwa kasi ya siku chache, aghalabu hupona ukitambuliwa mapema.

Kwa hiyo nawaomba wenye mamlaka ya afya Kivu ya Kusini, na wafadhili wao, waiweke gharama ya chupa, ya safari na ya jibu mbele ya kila mashine mpya; maana uchunguzi usiomrudia mgonjwa haujawa tiba.