Sauti ya Mturuki Isiyotafsirika

Wadau, leo siasa tuziweke pembeni kidogo tuongelee tamthilia za Kituruki. Najua mnaziangalia, hata nyie mnaojifanya mnasubiri taarifa ya habari tu!

Hivi mmewahi kujiuliza kinachobaki baada ya tamthilia kuingizwa sauti za Kiswahili? Mwigizaji ananyang'anywa sauti yake. Maneno ya mwandishi yanapindwa ili yaendane na midomo. Ukiacha sura na yale majumba ya pembeni mwa Bosphorus, kinachotufikia kama kilivyotoka Istanbul ni muziki. Mtunzi ndiye pekee anayeongea nasi bila mkalimani, na ndiye tusiyemjua jina.

Basi mmoja wao anaitwa Toygar Işıklı. Ametunga muziki wa Yaprak Dökümü (2006–2010), Aşk-ı Memnu (2008–2010), Ezel (2009–2011), Fatmagül'ün Suçu Ne? (2010–2012), Kuzey Güney (2011–2013) na Kara Sevda (2015–2017). Nyingi kati ya hizo zimeuzwa nchi kibao. Kara Sevda ilichukua tuzo ya International Emmy mwaka 2017, ila kama tamthilia, si kwa muziki wake.

Wapo wanaosema jamaa anajirudia: piano, vinanda, huzuni, basi. Nakubali nusu tu. Angalieni mazingira ya kazi. Kipindi cha Kituruki hutoka mara moja kwa wiki, kikiwa kirefu kama filamu nzima; miaka ile kilipita dakika 90, baadaye hadi 120. Desemba 2010 waigizaji na mafundi waliingia barabarani Istanbul kuupinga urefu huo. Sasa dakika zote hizo zinajazwaje? Watu wanatazamana... wanatazamana tena... na muziki ndio unaobeba ukimya. Aşk-ı Memnu ina vipindi 79. Huwezi kutunga kipya kila wiki kwa kila machozi. Unampa kila mhusika wimbo wake, mhariri anaukata na kuurudisha mpaka unakaa kichwani. Ukiusikia tu, unajua nani yuko mlangoni kabla mlango haujafunguliwa. Kwangu mimi hapo kujirudia ndiyo kazi yenyewe.

Tusidhani Waturuki walizaliwa nayo. Filamu yao ya Dünyayı Kurtaran Adam (1982) ilichota muziki wa Raiders of the Lost Ark waziwazi. Lakini wakati huohuo walikuwepo watu kama Cahit Berkay wa bendi ya Moğollar, aliyeitungia Selvi Boylum Al Yazmalım muziki wake wenyewe miaka ya 70. Njia zote mbili zilikuwepo. Wimbo wa Berkay bado unapendwa kwao mpaka leo; ule wa kuchota umebaki kichekesho.

Nalisema hili kwa ajili ya watengenezaji filamu wetu wanaookota mlio wowote kwenye intaneti usiku wa kuamkia uzinduzi. Bajeti ndogo naielewa. Ila kama mna hela ya kukodi gari la kifahari kwa siku mbili, mna hela ya kumlipa kijana mmoja mwenye kinanda. Filamu ikiuzwa nje, gari halitakumbukwa na mtu.

Na vituo vya televisheni, acheni kuyakata majina ili muwahi matangazo! Dakika moja haiwafilisi.

Mnasemaje wadau? Naomba kutoa hoja.